Ghazali na elimu inayogeuka pazia

Julai 1095, katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, mwalimu aliyekuwa na wanafunzi wapatao 300 alitaka kusomesha, neno lisitoke. Mwalimu huyo, mwanachuoni Abu Hamid al-Ghazali, amesimulia mwenyewe: ulimi ulifungika, kisha chakula nacho kikamkataa, hata funda la mchuzi likawa halipiti. Matabibu wakakata tamaa, wakisema maradhi yameanzia moyoni. Kabla mwaka haujaisha alikiacha kiti, akagawa mali yake akibakiza ya kuwalisha watoto, akashika njia ya Damascus.

Watu wa tasawufi, yaani masufi, hulitaja tukio hili wanaposema elimu huweza kuwa pazia kati ya mtu na Mungu, na kwamba hekima humjia anayeacha kuing'ang'ania. Wapinzani wao wanaona huo ni mlango wa ujinga. Mimi naona wengi wa pande zote mbili hawajauliza aliachia nini hasa.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya dini, hakuiacha. Katika miaka hiyo ya kutangatanga ndipo alipotunga kazi yake kubwa, Ihyaa, yenye vitabu 40, na cha kwanza kabisa ni Kitabu cha Elimu. Alichoweka chini ni cheo, fedha za watawala na tamaa ya kushinda mijadala. Huko Hebron, kwenye kaburi la Nabii Ibrahim, aliweka nadhiri tatu: asipokee mali ya mtawala, asiende kumsalimia, asibishane na mtu.

Hiyo ya tatu ndiyo nzito, maana ubishi ndio uliompa jina. Kipimo anachokitoa katika Ihyaa kinaweza kutumika leo hii kwenye darsa yoyote. Anayejadili kwa ajili ya haki ni kama aliyepotelewa na kitu: kikiokotwa na yeye au na mwenziwe, furaha ni ile ile, na aliyekiokota atashukuriwa. Sasa mtazame msomi anaposahihishwa mbele ya watu. Uso ukikunjamana, akaanza kutafuta upenyo wa kutetea alichokwisha kujua kuwa ni kosa, basi amefungwa na elimu yake. Dawa si kuchoma vitabu. Ni kusema "umepatia" pale pale, kabla nafsi haijatunga udhuru.

Hata hivyo, wapinzani si wa kupuuzwa. Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa Kihanbali wa Baghdad aliyefariki 1201, aliwashambulia masufi waliozika vitabu au kuvitosa majini wakidhani wamekwisha kumfikia Mungu. Hoja yake ni rahisi: aliyezima taa atajuaje kama bado yumo njiani? Aliilaumu Ihyaa pia kwa hadithi za Mtume zilizomo ambazo ni dhaifu, yaani hazijathibitika vyema. Cha kufurahisha ni kwamba hakuitupa. Aliifupisha na kuisafisha, akatoa kitabu chake.

Na madhara anayoyahofia yapo. La kwanza ni la mwanafunzi asiyejua hata yanayobatilisha udhu, lakini keshaokota msemo wa "elimu ni pazia" ili asihudhurie darsa. Huyo hana cha kuachia. Mkono mtupu hauwezi kutua mzigo. Pwani yetu, ambako Ihyaa imepewa heshima kubwa na masharifu wa ukoo wa Ba Alawi wenye asili ya Hadhramaut, Yemen, kitabu husomwa kwa mwalimu, na fardhi ain, yaani elimu ya lazima kwa kila Mwislamu, hutangulia. La pili ni baya zaidi: shekhe anayedai kujua kwa moyo tu. Akikosea, wafuasi wake watampima kwa mizani gani? La tatu ni la ndani kabisa, mtu kujivunia kwamba hajivuni.

Kwa hiyo nauegemea upande wa Ghazali, lakini kwa sharti la Ibn al-Jawzi: soma kwanza, ndipo uachie, tena uachie umiliki, si maarifa.

Mwaka 1106 Ghazali alirudi kufundisha, huko Nishapur, Uajemi. Alisema hakurudi kwenye kazi ile ile: zamani alifundisha elimu ya kupatia cheo, sasa anafundisha ya kukiachia. Kisha akaenda kwao Tus. Aliwahi kukiri kwamba bidhaa yake katika elimu ya hadithi ni haba, na ndipo hasa wakosoaji walipomshika. Siku zake za mwisho, kabla hajafariki Desemba 1111, alizitumia kuwasikiliza wanahadithi na kusoma vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, mwanafunzi tena.