Kumwanika mteja mtandaoni: muuzaji ana haki kiasi gani?

Kwa sisi tunaonunua na kuuza mtandaoni hapa Mwanza, posti ya namna hii si ngeni. Picha ya mteja imechukuliwa kwenye profaili yake ya WhatsApp na kuzungushiwa duara jekundu. Chini yake kuna skrinishoti za mazungumzo, namba ya simu ikiwa wazi, na maandishi ya herufi kubwa: "MUOGOPENI HUYU DADA." Kosa lake ni kwamba aliagiza bidhaa, ikaandaliwa, halafu akazima simu. Kabla jua halijazama posti imeshapita kwenye magrupu ya Igoma, Buhongwa na Kirumba, na wasomaji wamegawanyika. Wapo wanaoshangilia kwamba watu kama hao wafundishwe adabu, na wapo wanaouliza kama biashara inayojiheshimu inaweza kufanya kitu kama hicho.

Nimekaa upande wa wanaouliza, lakini sitaki kufika huko kwa kumdharau muuzaji. Wengi wanaomlaumu hawajawahi kubeba hasara yake.

Chukua mama anayeoka keki nyumbani kwake Nyegezi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko jirani, kwa hiyo msimu wa mahafali oda haziishi. Mteja anataka keki ya ngazi mbili, kofia ya mahafali juu, na jina la mhitimu limeandikwa mbele. Anasema atalipa akiifuata. Mwokaji ananunua mayai, siagi, unga na boksi kwa pesa yake, anakesha akipamba, na asubuhi simu ya mteja haipatikani. Keki yenye jina la mtu humwuzii mwingine. Jina unaweza kulikwangua, lakini Jumatatu nani anatafuta keki yenye kofia ya mahafali? Wataila watoto wa majirani, na mtaji wa oda inayofuata utakuwa umekwenda nayo.

Sasa aende wapi? Akifika polisi ataambiwa hayo ni madai, si jinai. Mahakama ya Mwanzo ipo, ila kufungua shauri kwa ajili ya keki moja ni kupoteza siku nyingine za kazi juu ya hasara aliyonayo. Mtendaji wa kata au mwenyekiti wa mtaa angeweza kumwita mdaiwa, kama mdaiwa angejulikana anapokaa. Mteja wa mtandaoni unamjua kwa namba na picha, basi. Kumposti ni bure, ni haraka, na wapo wanaolipa siku hiyo hiyo wakishajiona kwenye magrupu. Huo ndio utetezi mzito wa upande huu, na anayetaka tabia hii ikome lazima aujibu.

Kuna na utetezi wa pili: kwamba aibu ni dawa yetu ya tangu zamani. Mdeni alifuatwa nyumbani, akadaiwa mbele ya majirani, akalipa. Tofauti iko wapi? Mimi naiona kubwa. Majirani waliosikia wanadaiana walimfahamu mdaiwa. Walijua kama ni mtu wa kukopa na kukimbia, au ni mtu mwema ambaye wiki hiyo alikuwa akiuguza mtoto hospitali ya Bugando. Waliweza kumtetea, na alipolipa walishuhudia. Posti inasomwa Bukoba, Musoma na Dar es Salaam na watu wasiojua lolote zaidi ya duara jekundu. Deni likilipwa, muuzaji atafuta posti yake, lakini nakala zilizokwisha kusambazwa zitabaki zikimwita yule dada tapeli mbele ya mwajiri wake, wakwe zake na wanafunzi wenzake wa mwanawe. Adhabu hiyo hailingani na keki, hata iwe ya ngazi tatu.

Halafu kuna suala la kumpata mtu siye. Kanda hii kina Mabula, Masanja, Shija, Kulwa na Doto hawahesabiki. Jina peke yake halimtambulishi mtu. Namba nayo huhama: laini isiyotumika kwa muda hufungwa na namba ile kuuzwa kwa mtu mwingine. Kijana aliyesajili laini yake mpya juzi anaweza kuanza kupokea matusi ya deni la mtu asiyemjua.

Sheria nayo haiko upande wa anayeanika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Msingi wake mmoja unaeleweka hata bila wakili: taarifa uliyopewa kwa kazi fulani itumie kwa kazi hiyo. Mteja alitoa namba ili bodaboda ampate. Majina yake kamili hakuyatoa kabisa. Muuzaji aliyaona kwenye ujumbe wa muamala siku mteja alipomtumia pesa ya oda ya nyuma. Kuyachukua hayo na kuyatandaza hadharani ni kazi nyingine ambayo mteja hakuikubali. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kutuma ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha mtu, kumsumbua au kumtesa kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mdai anaweza kuamka mshtakiwa kwa sababu ya deni ambalo alikuwa na haki nalo kabisa.

Tukumbuke pia hasira tuliyokuwa nayo juu ya wakopeshaji wa kwenye simu. Walikuwa wakiingia kwenye orodha ya namba za mkopaji na kuwatumia ujumbe ndugu, mabosi na marafiki kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na watu wengi walifurahi. Muuzaji atasema usimfananishe na hao: wao wana mtaji na riba za kutisha, yeye ana sufuria na jiko la gesi. Ni kweli, na tofauti hiyo ya nguvu naiheshimu. Lakini kwa anayeanikwa, kinachofika kwa bosi wake ni kilekile.

Mpaka hapa nimezungumzia muuzaji aliyetendewa vibaya. Kuna wanaoanika wateja ambao hawakukosa chochote zaidi ya kulalamika, na hao siwatetei hata kidogo. Biashara ya dagaa ya Mwaloni, Kirumba, inajaa mifano. Mteja wa Dodoma anapokea gunia, anapika, anatafuna mchanga. Analalamika inboksi. Muuzaji, badala ya kuuliza dagaa wale walianikwa kwenye chanja au chini mchangani, anaposti mazungumzo yale na vikatuni vya kucheka: "Wateja wengine ni mitihani." Wafuasi wanacheka naye. Ila kila anayecheka ameshajua kwamba siku atakayolalamika yeye, atachekwa pia.

Muuzaji wa dagaa ana hoja yake: wapo wateja wanaozua kasoro ili warudishiwe pesa. Sawa. Basi kabla ya kushona gunia, mwaga dagaa kidogo kwenye sinia jeupe, wapepete mbele ya kamera ili mchanga kama upo uonekane, kisha mtumie mteja video hiyo yeye peke yake kabla mzigo haujapanda basi. Ubishi utakaokuja baadaye mtaumalizia kwenye video ile ile, wawili.

Ipo aina moja ya kuanika inayofanywa kwa nia njema kabisa, na naona ndiyo inayowadhuru wengi. Muuzaji amefikisha vifurushi stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo. Anavipanga chini, anavipiga picha na kuposti: "Mizigo ya Geita, Sengerema na Chato hiyo, sisi hatubahatishi." Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mizigo ya ng'ambo ile haingojei tena kivuko, na wateja ambao muuzaji hatawaona uso kwa uso wameongezeka. Picha ile ni tangazo zuri. Sasa ikuze kwa vidole viwili. Juu ya kila kifurushi, kwa makapeni, kuna jina la mpokeaji, mji wake na namba yake ya simu. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya hapo. Atapiga: "Dada, mzigo wako umekwama hapa njiani, tuma hela ya kuushusha." Anajua jina, anajua unakotoka mzigo, anajua siku. Kwa nini mteja asimwamini? Geuza vifurushi upande usioandikwa ndipo upige picha. Tangazo litabaki lilelile.

Nadhani mzizi wa ugomvi huu wote ni woga wa pande mbili. Mnunuzi anaogopa kutanguliza pesa kwa sababu nchi nzima imechoshwa na ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii", na kwa sababu zimekuwapo kurasa za maduka zilizokula pesa za watu na kutoweka. Muuzaji anaogopa kutanguliza mzigo kwa sababu bodaboda anakwenda mpaka Buhongwa, anaambiwa "leo sina hela, rudi kesho", na nauli ya kwenda na kurudi ni ya muuzaji. Kila mmoja ana sababu ya kumwogopa mwenzake. Ninayemlaumu ni yule anayejaribu kuutibu woga huo kwa kuuongeza. Ukurasa uliojaa picha za wadaiwa unamfundisha mteja mwaminifu asitoe namba yake ya kweli, asitumie picha yake, na bora aende dukani Makoroboi akalipe mkono kwa mkono.

Kwa hiyo jibu kwa mwokaji wa Nyegezi haliwezi kuwa "vumilia". Jibu ni kianzio. Keki yenye jina haianzwi bila nusu ya bei kulipwa, na masharti yaandikwe pale pale kwenye ukurasa: kianzio ni kiasi gani, mwisho wa kughairi ni lini, na ukighairi kabla ya hapo unarudishiwa nini. Atapoteza wateja kadhaa, hilo nakubali. Kumpunguzia mteja woga, kianzio kipokewe kwa lipa namba yenye jina la biashara badala ya laini ya binamu yake. Jina litatokea kwenye simu ya mteja kabla hajathibitisha malipo, naye atajua anamlipa nani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 yenyewe inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajitambulishe: jina, mahali alipo, mawasiliano. Kurasa ngapi za Mwanza zina hata jina la mtaa? Anayeficha alipo huku akianika mteja alipo ameanza na mguu mbaya.

Wateja nao huanika maduka, na watu huuliza kwa nini hilo liwe halali. Sioni usawa hapo. Biashara imejitangaza yenyewe, imeweka namba yake hadharani na kuwaita watu. Mteja akisema kwa ukweli kwamba alilipa na hakuletewa, anazungumzia kitu kilichokuwa wazi tayari. Akisema uongo, au akaanza kuposti watoto wa mwenye duka, naye amevuka mpaka.

Wauzaji wengine wamechagua njia ya kati: grupu lao la ndani la kupeana namba za wasumbufu. Ni afadhali kuliko duara jekundu, lakini nina wasiwasi nalo. Hakuna anayemsikiliza mteja kabla ya kumwingiza kwenye orodha, na sijaona anayemtoa akishalipa. Kama lazima liwepo, liandike tendo na tarehe, na jina lifutwe deni likiisha.

Linalobaki ni tapeli wa kweli: yule anayetuma ujumbe wa muamala wa kughushi, anachukua mzigo, kisha anahamia kwa muuzaji mwingine kesho yake. Hapo wauzaji wana haki, na ningesema wana wajibu, wa kuonyana kwa sauti kubwa. Onyesheni ule ujumbe wa kughushi ulivyo, elezeni mtu huyo anavyojieleza, anavyoharakisha, anavyotaka bodaboda aondoke kabla hujaangalia salio. Mbinu hiyo ikijulikana, hata akibadili laini itamkwama. Namba iliyotumika ipelekwe 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) hupokea taarifa za utapeli wa simu, na polisi, kwa sababu safari hii ni jinai na hawawezi kukwambia ni madai. Ila kwanza fungua salio lako uhakikishe kwamba pesa kweli haikuingia. Mtandao wa simu ukiwa na matatizo, muamala halali unaweza kuchelewa, na mteja unayejiandaa kumwita mwizi akawa amelipa tangu asubuhi.