Taka za Kampala: sheria imbane mwenye lori kabla ya mwenye ndoo

Tangu jalala la Kiteezi, lile lililokuwa linapokea taka za Kampala, liporomoke, watu tumegawanyika mafungu mawili na kila fungu linaona lile lingine halijali. Fungu la kwanza linasema sheria ipo, itumike: kila nyumba itenganishe taka, maganda kivyake na plastiki kivyake, kila nyumba ilipie anayekuja kubeba, na atakayekutwa anamwaga mtaroni usiku afikishwe mahakama ya City Hall kesho yake asubuhi. Fungu la pili linasema wanaoongea hivyo hawajawahi kulala kwenye muzigo, chumba kimoja watu sita, choo kimoja kwa milango kumi, sasa hiyo ndoo ya pili unaiweka wapi na hiyo hela ya kila wiki unaitoa wapi.

Wote wana hoja. Lakini naona fungu la pili linasikilizwa nusu tu, linachukuliwa kama watu wanaojitetea uvivu, na ndio maana nimeamua kuandika.

Kwanza niwatendee haki wa upande wa sheria, maana hawajatunga kitu cha jana. Sheria ndogo ya taka ngumu ya jiji ni ya mwaka 2000, alafu ikaja Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na kanuni zake za taka za 2020 zinazotaka anayezalisha taka azitenganishe hapohapo zinapotokea. Na hasira yao ina msingi. Tarehe 10 Agosti 2024, Jumamosi, mlima wa Kiteezi uliangukia nyumba za watu na kwa hesabu iliyotolewa walikufa watu 35. Jalala lile lilifunguliwa 1996, likajaa, likaendelea kupokea. Kila aliyechanganya maganda na kavera, yaani mfuko wa plastiki, na kumpa mtu wa gari "apeleke huko" alichangia kidogo kwenye ule mlima, mimi na wewe pia, hilo hatuwezi kulikwepa.

Alafu kuna mtaro. Anayeishi mitaa ya bondeni kama Bwaise au Kalerwe hahitaji kuelezwa, mvua ya saa moja tu na maji yanaingia ndani, na ukiangalia kilichoziba unakuta chupa, kavera, pampas. Anayetupa Mulago juu anamzamisha mtu wa chini ambaye ni maskini kama yeye. Mtaro wa Nakivubo unamwaga kwenye ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na ghuba hiyohiyo ndiyo tunayochota maji pale Ggaba, tunayasafisha kwa gharama, tunayanywa. Kwa hiyo mtu akisema "faini iwe kali" simwoni mkatili, kwa kweli namwelewa, na hasa namwelewa yule mpangaji anayelipia gunia lake kila wiki huku jirani anasubiri mvua ianze ndo amwage lake bure.

Ila hoja yao imejengwa juu ya dhana moja ambayo sikubaliani nayo hata kidogo, kwamba watu wa mitaa ya chini hawajui kutenganisha taka na lazima wafundishwe au wachapwe. Jamani, nenda uangalie uwanja wowote wenye mizigo kumi, yaani vyumba kumi vya kupanga. Maganda ya matoke na viazi yanakusanywa kwenye beseni au gunia, kuna mtu ana mbuzi au nguruwe au ng'ombe wawili nyuma huko anakuja kuyachukua, sehemu zingine ananunua kabisa. Chupa za plastiki watoto wanaokota wanauza kwa kilo. Chuma kinaenda skrapu. Jerikeni hakuna anayetupa, ikipasuka inakatwa inakuwa chombo cha kuoteshea sukuma au cha kuchotea maji. Majivu ya mkaa yanaenda chooni kukata harufu. Nguo kuukuu inakuwa dekio. Nyumba ya namna hiyo inatenganisha taka kuliko nyumba nyingi zenye geti, ambako kila kitu, chakula kilichobaki, chupa ya wain, betri, vyote vinatiwa kwenye kavera moja nyeusi vinawekwa nje Jumanne na mwenye nyumba hajui tena vimeenda wapi.

Sasa kinachobaki kwenye ule uwanja wa mizigo ni nini? Ni kile ambacho hakina mnunuzi. Kavera laini, pampas, nywele za bandia, vumbi la kufagia, glasi iliyovunjika, na maganda ya ile wiki ambayo mwenye mbuzi hakuja. Hicho ndicho kinachoishia mtaroni. Ukimwambia huyo mama atenganishe wakati alishatenganisha asubuhi, unamdai kazi aliyokwisha kuifanya, na kile kilichobaki bado hujamwambia akipeleke wapi.

Na kwenye kavera nisipite hivi hivi. Kavera nyembamba chini ya maikroni 30 zilipigwa marufuku kwenye bajeti ya 2009, zikarudiwa tena kwenye sheria ya 2019, na hadi leo ukinunua nyanya za elfu moja unapewa ndani ya kavera. Kenya walifunga 2017, Tanzania 2019, Rwanda walitangulia wote 2008. Viwanda vinavyotoa kavera vina anwani, vina mita ya umeme, vinajulikana. Kama serikali imeshindwa kuvifunga vinavyohesabika, inapata wapi uso wa kumkamata mtu aliyepewa hiyo kavera bila kuiomba?

Jambo linaloniuma zaidi lakini ni lori. Mtaani kwetu kuna kipindi walikuja vijana na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, wakatuambia tutenganishe, kibichi huku kikavu huku, na watu wakaitikia vizuri tu, hata wale wabishi. Lori likaja, la kampuni iliyokuwa na zamu, kijana akapokea ndoo ya maganda akamwaga, akapokea gunia la plastiki akamwaga juu yake, mashine ikashindilia. Watoto wameona, wapangaji wameona. Baada ya hapo nani angeendelea? Hakukuwa na haja ya mkutano mwingine wala bango, zoezi lilikufa siku hiyo, na kesho yake ukisikia mtu redioni anasema wananchi wa Kampala ni wagumu kubadilika unabaki umekaa kimya tu unatafuta la kusema.

Sheria inamwona aliye na ndoo kwa sababu ni rahisi kumwona, yuko palepale. Mwenye lori anaondoka. Analipwa kwa kubeba na siyo kwa kubeba vizuri, na kwenye mitaa ambayo kichochoro hakipitishi gari anasimama barabara kuu anapiga honi dakika chache, mwenye gunia akimbie, asiyekuwepo basi. Anayefanya kazi soko la Owino kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi usiku hakutani na hilo lori mwaka mzima.

Naomba hapa tutulie kwenye hesabu moja kwa sababu naamini ndiyo ingebadilisha mjadala wote. Kampala inatajwa kutoa taka kama tani 2,500 kwa siku. Sehemu kubwa ya hizo ni vya jikoni na sokoni, maganda, majani ya migomba, mabua, matunda yaliyooza, wengine wanaweka hadi robo tatu na zaidi. Mi nachukua chini, asilimia 60 tu. Hiyo ni tani 1,500. Ganda bichi la matoke sehemu yake kubwa ni maji, likamue uone, na nikichukua tena chini, asilimia 70, napata zaidi ya tani 1,000 za maji kila siku. Zaidi ya malori 100 ya tani kumi kumi. Yaani kama taka zote zingebebwa inavyotakiwa, tungekuwa tunanunua dizeli na matairi na kulipa madereva kuhamisha maji kutoka Kalerwe kwenda nje ya mji, wakati huohuo tunasema hatuna magari ya kutosha kufika mitaa ya mabanda kama Katanga au Kisenyi!

Na yakifika huko hayo maji hayatulii. Ganda likifunikwa na taka nyingine bila hewa linaoza polepole, linatoa gesi inayoshika moto, linatoa yale maji meusi yanayoteremka mpaka kwenye visima na mabwawa ya watu, na mlima mzima unakuwa laini kwa ndani, mvua ikija juu yake ndo hivyo. Chupa ya plastiki ni mbaya kwa sababu zake, lakini kinachofanya jalala lichemke na liwe bichi ndani ni kile chakula. Maganda yakiondolewa kabla hayajapanda gari, gari lilelile linafika mitaa miwili badala ya mmoja, ardhi ya jalala inadumu, na kile kikavu kinachobaki kinakuwa kisafi hata mwokotaji anaweza kukiuza kwa bei nzuri badala ya kuchambua chupa zenye funza.

Ndiyo maana sikubaliani pia na wale wa upande wangu wanaosema tusitenganishe kabisa mpaka serikali ijipange. Hapana. Tuna mfano hapahapa nchini. Ule mpango wa mboji wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kwa msaada wa Benki ya Dunia ulijenga vituo kwenye miji kama Mbale, Jinja, Lira, Soroti, Mbarara, Kasese, Fort Portal, wazo zuri sana, lakini taka zilifika zimechanganywa, wafanyakazi wakachambua kwa mikono, na vipande vya glasi na plastiki vikabaki ndani ya mboji. Mkulima hawezi kumwaga glasi shambani anakotembea na watoto wake. Kwa hiyo ni lazima kazi ianzie nyumbani, hapo wa sheria wamepatia. Ila iwe mafungu mawili tu, kinachooza na kisichooza, hizo habari za mapipa manne ya rangi ni za mahali pengine na zinawachosha watu kabla hawajaanza.

Na kwenye hela nao upande wangu unavuta kamba upande mmoja. Si kweli kwamba hakuna hela kabisa kwenye uwanja wa mizigo, mwenye nyumba anapokea kodi ya milango kumi kila mwezi. Yeye ndiye mwenye ardhi, yeye ndiye aliyejenga mpaka ukutani asibakize hata nafasi ya pipa. Kwa nini askari akija anamkamata mpangaji aliyehamia juzi? Ada ya taka iingie kwenye kodi, sehemu ya pipa iwe sharti la kupangisha, kama choo. Itapandisha kodi kidogo, ndiyo, lakini kidogo kinachojulikana ni nafuu kuliko elfu moja moja ya kijana wa toroli ambaye hujui anaenda kumwaga wapi. Na hao vijana wa toroli pia wasajiliwe badala ya kufukuzwa, maana wanafika pale lori halifiki.

Kuna na wafugaji wa mjini, wale wanaokula, samahani, wanyama wao wanaokula maganda yetu. Tangu 2006 jiji lina sheria ndogo inayotaka mfugaji awe na kibali, na mimi sipingi, hakuna anayependa kunuka nguruwe dirishani. Lakini mfugaji mmoja mwenye ng'ombe wawili anaondoa magunia ya maganda kila siku bila kulipwa na mtu. Anapoguswa yeye, maganda yake yanaenda mtaroni au kwenye lori, hakuna njia ya tatu. Ofisi inayompa kibali na ofisi inayosimamia taka zikae meza moja.

Kiteezi yenyewe iko Wakiso, wilaya jirani. Waliokufa walikuwa wanaishi pembeni ya uchafu ambao kwa sehemu kubwa ulitoka Kampala, na wakuu watatu wa KCCA, mamlaka ya jiji, wakaondolewa kazini Septemba ile ya 2024, watu wakasema haki imetendeka, alafu malori yakatafuta sehemu nyingine ya kumwaga. Sensa ya 2024 imeweka Kampala karibu milioni 1.8 na Wakiso karibu mara mbili ya hapo, maana yake taka za Wakiso wenyewe zinakuja na halmashauri zake za miji hazina hata magari kama ya Kampala. Ikitajwa ardhi ya Ddundu huko Mukono kuwa jalala jipya, wenyeji wa huko wana haki ya kuuliza kwanza mnatuletea kikavu au mnatuletea ule uji wa taka zilizochanganywa. Kama jibu ni uji, mi ningekuwa mwenyeji ningekataa.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutaka ni huu. Mkataba wa kubeba taka useme wazi siku ya kibichi na siku ya kikavu, na lori likionekana linachanganya, hata mpangaji mmoja akilipiga picha, kampuni ikatwe malipo ya wiki hiyo. Hilo likishatimia miezi kadhaa na watu wameliona kwa macho, mwenye nyumba asiye na sehemu ya taka apigwe faini. Baada ya hao wawili ndipo tuje kwa mama wa ndoo, na hapo akikutwa anamwaga mtaroni sitamtetea.

Sasa hivi tunaanza kwa mama. Kaunsela wako, yaani diwani, akiita mkutano kuhusu usafi, akianza na habari ya kukamatana, mwulize lori la maganda linapita siku gani kwenye mtaa wenu, na nani anakatwa hela lisipopita.