Daftari lenye mapengo: uende Moshi au ubaki nyumbani?

Daftari langu la mazoezi ya msimu ule lina Jumapili kumi na sita, kuanzia Novemba hadi Februari. Tisa nimezijaza. Saba zilizobaki ni tupu, au zina neno moja moja tu: "mvua", "safari", "malaria", "msiba". Siku niliyokwenda mbali kuliko zote niliishia kilomita 26, nikaingia nyumbani saa tatu asubuhi viatu vimelowa jasho kiasi cha kutoa sauti kila hatua. Namba ya mashindano nilikuwa nimeshailipia, na tiketi ya basi la Moshi nilikuwa nayo mkononi.

Kila Januari swali hili hulizungukia kundi lolote la jogging Dar es Salaam. Mtu aliyejiandaa nusu nusu, aende Kilimanjaro Marathon kule Moshi akakimbie kilomita 42 na mita 195, au akae? Wapo wanaosema nenda, ukifika huko mwili utajua wenyewe. Wapo wanaosema asiyejiandaa asianze, basi. Mimi nimewahi kusimama kila upande kwa wakati wake, na ninaona tunabishana juu ya jambo lisilo lenyewe.

Wanaosema nenda wana hoja, tena nzito. Pumzi ya mtu aliyezoea kukimbia haipotei kwa wiki moja ya kulala kitandani. Siku kumi za kukaa bure humpunguzia kidogo sana. Kushuka huanza kuonekana wiki ya pili au ya tatu, na hata hapo mazoezi ya miaka ya nyuma hayafutiki yote. Halafu, ni nani hasa ana msimu mzima usio na pengo? Tuna kazi, tuna watoto wa kuandaa shule, tuna foleni inayokula saa mbili asubuhi na saa mbili jioni. Wangeruhusiwa kuanza waliojaza kila mstari tu, barabara ya Moshi ingebaki na wanariadha wa kulipwa peke yao.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Pwani hulisahau. Ratiba nyingi za wiki 16 tunazopakua mtandaoni zimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Ukizifuata Dar es Salaam mwezi wa Januari, saa kumi na moja alfajiri tayari hewa ni nzito na shati limeganda mgongoni. Moyo hupiga haraka zaidi kwa kasi ileile, kwa sababu unalazimika pia kupeleka damu kwenye ngozi kuupoza mwili. Mtu anaona dakika zake kwa kilomita zimeporomoka, anakata tamaa, anaandika "nimeshuka" wakati hajashuka. Akifika Moshi, asubuhi kukiwa na kaubaridi, anashangaa miguu inavyomwitikia.

Kwenye mabishano haya lazima jina la John Stephen Akhwari litajwe. Kwenye marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania, aliumia vibaya goti alipoanguka njiani, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani saa moja na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Walioanza walikuwa 75. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Ninaipenda habari hii tangu nikiwa mtoto, na ndiyo maana huniuma inapotumiwa kama ruhusa ya kutojiandaa. Akhwari hakufika Mexico akiwa na daftari tupu. Alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu aliyekutwa na vitu viwili: mwinuko wa mita 2,240 ambao hakuwa ameuzoea, uliombana misuli, kisha kuanguka. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Goti lile lililofungwa bendeji lilikuwa limeshakimbia maelfu ya kilomita kabla ya siku ile. Mtanzania mwenzake, Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa 2:08:01 na kushika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, anajulikana kwa kauli kwamba nia ya kushinda si kitu bila nia ya kujiandaa. Watu humtaja Akhwari wanapotaka kwenda na Ikangaa wanapotaka kumzuia mtu. Sidhani kama wazee hao wawili wangekuwa na cha kubishania.

Sasa upande wa wanaosema baki. Hoja yao kubwa haihusu pumzi, inahusu mifupa na kano. Moyo na mapafu hujengeka kwa wiki. Kano na mifupa huhitaji miezi. Hapo ndipo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote hutokea: mtu amekosa Jumapili tatu za Januari, basi Februari anataka kuzifidia. Wiki hii kilomita 28, wiki ijayo 32, katikati anaongeza Jumatano. Pumzi inamruhusu, kwa hiyo anajiona yuko sawa, kumbe mfupa wa mundi wa mguu unaanza kupata ufa. Pengo kwenye daftari halijamvunja mtu mguu. Kilichowavunja niliowaona ni kurasa mbili zilizojazwa kwa pupa baada ya pengo.

Kisha kuna njia yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani wengi hujadili marathoni kana kwamba zote ni barabara moja. Mbio za Moshi huanzia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nusu ya kwanza si ngumu: unapita mjini, unashika barabara iendayo Dar es Salaam, unageuza, unarudi. Mlima uko wazi wakati huo wa asubuhi na watu wanapiga picha huku wanakimbia. Ukishapita kilomita 21 ndipo unaanza kuikwea Mweka, kijiji kilicho kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Barabara inapanda kati ya migomba na kahawa, taratibu, bila kuacha, mita kama 300 za mwinuko mpaka sehemu ya kugeuzia karibu na kilomita ya 32.

Mwili wa binadamu huhifadhi sukari kwenye misuli na ini ya kutosha takriban kilomita 30, kutegemea mtu na kasi yake. Ikiisha, unajikuta umegonga ukuta: miguu inakuwa ya mtu mwingine. Kwingine unaugonga kwenye tambarare. Moshi unaugonga karibu na kilele cha mpando. Mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote iliishia kilomita 26 hajawahi kuupeleka mwili wake mahali hapo, na anaupeleka kwa mara ya kwanza huku anapanda.

Wengi hujifariji kwamba baada ya kugeuza ni mteremko mpaka uwanjani, kilomita kumi za bure. Si za bure. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki. Inabeba uzito wako wote huku inavutwa, na nyuzi zake huchanika vipande vidogo vidogo. Ndiyo sababu Jumatatu asubuhi unaona watu stendi ya Moshi wanapanda basi kwa kujivuta na mikono. Sisi wa Dar es Salaam tunaofanya mazoezi ufukweni Coco na juu ya Daraja la Tanzanite tunafika pale na mapaja ambayo hayajawahi kuteremka chochote. Lakini hili lina dawa rahisi kuliko kasoro nyingine zote: zoezi moja tu la kukimbia kwenye mteremko huyapa mapaja kinga ya wiki kadhaa. Mtu aliyekosa Jumapili saba akapata asubuhi moja ya milima ya Goba au Kimara wiki tatu kabla ya mbio amejisaidia kuliko anayekimbiza kilomita 32 za tambarare ili daftari lipendeze.

"Basi nenda polepole," tunaambiana. Nakubaliana na ushauri huo, ila nao una gharama isiyosemwa. Anayemaliza kwa saa tatu na nusu yuko uwanjani saa nne asubuhi. Anayehitaji saa sita yuko barabarani mpaka saa sita na nusu mchana, mwishoni mwa Februari, kabla ya masika kuanza, jua likiwa utosini. Aliyejiandaa kidogo ndiye anayekaa juani muda mrefu zaidi. Tena ndiye anayesimama kila meza ya maji na kunywa, kwa sababu ana nafasi na ana hofu. Boston mwaka 2002 watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 chumvi ya damu imeshuka kupita kiasi, jambo ambalo maji mengi huweza kulileta. Hatari ilikuwa kubwa kwa waliotumia zaidi ya saa nne na kwa waliomaliza wakiwa wameongezeka uzito kwa maji. Polepole ni sawa, lakini kunywa kwa kiu, vaa kofia, na usidhani kwamba kasi ndogo inafuta kila deni.

Kwa hiyo mimi sihesabu tena Jumapili tupu. Ninasoma kilichoandikwa ndani yake. "Safari", "kazi", "msiba", "mvua": hayo ni mapengo ya muda, na yanalipika kwa kushusha kasi, mradi mtu amefikisha walau kilomita 24 au 26 mara mbili tatu na hana maumivu. Huyo ningemwambia aende, akimbie dakika tisa na kutembea moja tangu kilomita ya kwanza, wakati bado hajisikii kuchoka. Atakayesubiri kuchoka ndipo atembee amechelewa.

"Homa" ni habari nyingine. Malaria ya Desemba iliyotibiwa ikaisha, ukarudi mazoezini wiki kadhaa ukiwa sawa, inaweza kuhesabiwa kama muda uliopotea. Malaria ya wiki mbili kabla ya mbio, hapana. Damu bado imepungua, mwili bado unajenga kilichobomolewa, na unataka kuupeleka kwenye joto kwa saa tano. Hapo siangalii kiingilio wala tiketi ya basi. Vilevile maumivu ya sehemu moja, yanayorudi palepale kila ukikimbia na kuongezeka kadiri unavyokwenda. Hapo ndipo watu huingia duka la dawa Jumamosi jioni kununua diklofenaki au brufen, wameze mbili alfajiri. Dawa hizo hunyamazisha mguu bila kuuponya, na kwa mtu anayepoteza maji huzielemea figo. Ukijikuta unahitaji kidonge ili uanze, umeshajibiwa.

Najua wengine hushukia nusu marathoni na kudhani wamekwepa. Kwa aliyekosa umbali ni uamuzi mzuri. Kwa mwenye goti bovu, ajue kwamba kilomita 21 za Moshi nazo hupanda Mweka na kushuka.

Mwaka ule nilikwenda na kaka mmoja wa kikundi chetu. Daftari lake lilikuwa zuri kuliko langu: Jumapili kumi na tatu, kilomita 32 mara mbili. Ila kwenye mundi wa kulia alikuwa na mahali panapouma tangu mwanzo wa Februari. Usiku kabla ya mbio tulikubaliana kitu kimoja. Njia ya Moshi inakurudisha mjini nusu ya safari, kabla ya mpando, ambapo uwanja bado uko karibu. Pale kila mmoja wetu angejiuliza kwa sauti: kuna kinachouma? Kama kipo, anaiacha njia. Ukishaanza Mweka, kurudi ni kilomita nyingi zaidi, na hakuna anayefikiri vizuri katikati ya mpando. Eliud Kipchoge aliiacha njia mjini Paris kwenye Olimpiki ya 2024, karibu na kilomita ya 30, mara yake ya kwanza kutomaliza marathoni, naye alikuwa na medali mbili za dhahabu za mashindano hayohayo.

Tulipofika mjini akanishika bega. "Dada, mimi nakata hapa. Mguu umeanza kuuma kilomita ya 14." Sikumbembeleza. Nikaendelea kwa dakika zangu tisa na moja, na kwenye mpando zikawa nne na moja, kisha kutembea tu. Mama mmoja alisimama mbele ya geti lake na ndoo na kikombe cha plastiki, akanimwagia maji shingoni bila kuuliza. Mteremko niliushuka kwa hatua fupi fupi, mapaja yakitetemeka, nikamaliza kwa saa tano na dakika 47.

Nilimkuta amekaa kwenye nyasi za uwanja, mguu ameuweka juu ya begi, amenihifadhia ndizi mbili na chupa ya maji. Wiki iliyofuata picha ya eksirei ilionyesha mfupa ulikuwa umeanza ufa mwembamba. Daktari alimwambia apumzike wiki sita. Alizipumzika zote, na Mei alikuwa anakimbia tena asubuhi pale ufukweni.