Mkutubi Apewe Habari Kitabu Kikiwa Bado Mezani Kwetu

Katika ofisi nyingi za uchapishaji wa vitabu hapa Dar es Salaam, kitabu kipya kikitoka kiwandani mtu wa kwanza kupigiwa simu ni mwandishi, kisha wenye maduka, kisha waandishi wa habari watakaoalikwa kwenye uzinduzi. Mkutubi hukumbukwa mwishoni, na mara nyingi hukumbukwa kwa sababu tu sheria inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nafanya kazi katika mojawapo ya ofisi hizo, na ninaamini kwamba utaratibu huu umekaa kichwa chini miguu juu. Mkutubi anastahili kupata habari za kitabu mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani, na asipewe jina na bei peke yake. Apewe pia habari za ofisi kinakotengenezwa: kimefikia hatua gani, kwa nini kimechelewa, zimebaki nakala kiasi gani stoo, na kama kuna mpango wa kukipiga chapa upya.

Nianze na kalenda, kwa kuwa ndiyo inayotuumiza zaidi na ndiyo inayozungumzwa kidogo zaidi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na makisio yake huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo, kiasi kwamba mkutubi wa mkoa anapoketi kuandika mahitaji ya maktaba yake, huandika vitabu anavyovijua kwa wakati huo. Mchapishaji anayemfikia mwezi wa Agosti akiwa na katalogi mpya ya rangi anamkuta mtu mwenye hamu ya kununua lakini asiye na fungu. Tena tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma unapita katika NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo haiwezekani mkutubi wa taasisi ya umma kufungua droo, akatoa noti na kumlipa mtu aliyepita na begi la vitabu, hata kama vitabu hivyo ndivyo wasomaji wake wanavyovililia. Kitabu ambacho hakikujulikana wakati wa kupanga kinasubiri mwaka mwingine. Riwaya ya Kiswahili hupigwa chapa nakala chache, na mwaka huo mwingine ukifika huenda zimekwisha, na mchapishaji hana uhakika wa mauzo ya kumtia moyo arudi kiwandani. Hapo ndipo kitabu kizuri kinapopotea bila mtu yeyote kukikataa.

Tatizo hili lisingekuwapo kama tungesema mapema, na hatusemi mapema kwa sababu tuna hofu. Wenzangu wengi katika kazi hii huona kwamba kitabu kisichokamilika ni siri ya ofisi. Wanahofia kwamba ukitangaza mwezi wa kwanza kitabu kitakachotoka mwezi wa saba, kisha kikachelewa, utaonekana mbabaishaji. Naielewa hofu hiyo, lakini naona imeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Mwenye duka anaweza kukasirika akiambiwa kitabu kimesogezwa mbele, maana ameshaandaa rafu na wateja. Mkutubi hana haraka ya namna hiyo. Anachokihitaji ni ukweli atakaoweza kumpa msomaji aliyesimama mbele ya meza yake, na jibu kwamba kitabu kimechelewa kwa sababu mchoraji aliugua ni jibu kamili kwake, kuliko ukimya.

Chukua mfano wa mwaka 2021. Mwezi wa Oktoba, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na siku hiyohiyo habari zikaenea kwenye redio na kwenye simu za watu. Wasomaji wetu wengi walikuwa hawajapata kumsoma, na walitaka kumsoma kwa Kiswahili. Tafsiri ya riwaya yake Paradise, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kupewa jina la Peponi, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Katika miezi ile ya katikati, mkutubi aliyejua kwamba tafsiri inaandaliwa alikuwa na la kumwambia msomaji, na pengine aliliandika jina lake ili amwite baadaye. Asiyejua alibaki na neno moja tu, hakuna, na msomaji anayeambiwa hakuna mara mbili tatu haji tena. Nobel haishuki kwetu kila mwaka, lakini vitabu vya Kiswahili vinavyongojewa na watu vipo kila mwaka. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, imeongeza hamu hiyo, kwa kuwa majina ya washindi hutangazwa kabla vitabu vyao havijafika mikononi mwa watu.

Sasa nije kwenye habari zenyewe, kwa sababu kutoa habari mapema hakusaidii kitu ikiwa habari hizo ni tupu. Maelezo tunayoweka nyuma ya jalada yameandikwa kumvutia mnunuzi: kitabu ni cha kusisimua, kina mafunzo tele, ukikianza hutakiweka chini. Mkutubi akisoma hayo bado hajui akiweke wapi. Katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, ambao maktaba zetu nyingi za umma hutumia, fasihi ya Kiswahili yote imebanwa kwenye namba 896.392, na namba inayofuata ndiyo inayotenganisha ushairi, tamthilia na hadithi za kubuni. Lugha yenyewe, yaani sarufi na mengineyo, iko mbali kabisa, kwenye 496.392. Kitabu chenye jina la fumbo, ambacho maelezo yake hayasemi kama ni utenzi, riwaya au masimulizi ya maisha halisi ya mtu, humlazimu mkutubi kukisoma kwanza, na kama ana rundo la vitabu linalomngoja, kitabu hicho kitalala kwenye chumba cha uorodheshaji hadi apate nafasi. Sentensi mbili za kweli kutoka kwa mhariri zingekitoa humo. Zingesema kitabu kinahusu nini, kimekusudiwa watoto wa umri gani au watu wazima gani, kinatokea wapi, na kinafanana na vitabu gani ambavyo tayari viko rafuni.

Ninaposema habari za ofisi, simaanishi porojo za nani kagombana na nani. Namaanisha kazi yenyewe, ambayo watu wa nje hawaioni na ambayo mkutubi ana haki ya kuielewa kwa sababu inamgusa. Nitoe mfano wa jambo dogo linalotokea mezani kwetu. Karatasi kubwa ya kiwandani kwa kawaida hukunjwa ikatoa kurasa 16, ndiyo maana vitabu vyetu vingi hutoka na kurasa 96, au 112, au 128. Muswada ukisanifiwa ukaangukia kurasa 115, tunakaa na prufu, yaani kurasa za majaribio, tukitafuta kurasa tatu za kupunguza. Mwandishi anatetea aya zake, msanifu kurasa anapendekeza kupunguza ukubwa wa herufi, na mhariri anakataa kwa kuwa kitabu ni cha watoto wanaoanza kusoma. Ubishi huo unaweza kula wiki nzima. Mkutubi anayelalamika kwamba herufi za kitabu fulani ni ndogo mno kwa watoto wake analalamikia uamuzi uliofanywa katika wiki hiyo, na kama angejua kwamba uamuzi huo unafanyika, na kwamba kuna mtu wa kuandikiwa, sauti yake ingekuwa mezani pamoja na sauti zetu.

Somo kubwa zaidi niliwahi kulipata kwa mkutubi mmoja wa mkoani, mama wa makamo aliyefanya kazi hiyo muda mrefu. Alinitolea kwenye droo kitabu chetu cha hadithi za watoto. Mgongo wake ulikuwa umebandikwa utepe wa kitambaa mara kadhaa, kurasa za katikati zilikuwa zimechomoka na kufungwa kwa uzi wa cherehani, na karatasi ya tarehe za kurudisha ilikuwa imejaa mihuri hadi pembezoni ikabidi nyingine ibandikwe juu yake. Akaniambia, "Dada, watoto wanakipenda mno kitabu hiki, na ndicho kinachokufa mapema kuliko vyote." Kisha akanieleza kwa utulivu kwamba vitabu vilivyobandikwa kwa gundi peke yake huachia kurasa baada ya kuazimwa na watoto wengi, wakati vile vilivyoshonwa kwa uzi kabla ya kubandikwa jalada huhimili miaka. Sisi ofisini tulikuwa na hesabu ya nakala zilizouzwa tu. Hatukuwa na njia yoyote ya kujua kwamba nakala moja ilikuwa imepita mikono ya watoto wengi kiasi kile, wala kwamba gharama tuliyoiokoa kwa kutoshona ilikuwa inalipwa na mama huyu kwa uzi na muda wake.

Tulilipeleka jambo hilo kwenye kikao. Kushona huongeza gharama, na karatasi ya vitabu tunayoitumia kwa sehemu kubwa huja kwa meli, kwa hiyo bei ya kila nakala hupanda na kushuka pamoja na dola. Haiwezekani kushona kila kitabu. Lakini inawezekana kumuuliza mpigachapa atenge sehemu ya nakala zishonwe kwa ajili ya maktaba, ikiwa tu tunajua kabla ya kwenda kiwandani kwamba maktaba zitazitaka. Tunarudi palepale pa kupeana habari mapema, safari hii habari zikitoka kwa mkutubi kuja kwetu.

Wapo wanaouliza kama inafaa kujisumbua hivi kwa wateja wanaonunua nakala chache. Hesabu hiyo naiona fupi. Tangu Taasisi ya Elimu Tanzania ipewe jukumu la kuandaa na kuchapa vitabu vya kiada, wachapishaji binafsi wamebaki wakitegemea zaidi vitabu vya ziada na vya fasihi, yaani vitabu ambavyo mtu hanunui kwa kulazimishwa na mtaala. Vitabu vya namna hiyo vinahitaji mtu wa kuvitaja kwa jina mbele ya msomaji, tena kwa miaka, si kwa wiki ya uzinduzi. Duka likiuza nakala zake linageukia mzigo mwingine. Gazeti likiandika mara moja limemaliza. Mkutubi yupo palepale, na mtoto aliyesoma kitabu cha kwanza cha mwandishi fulani humuuliza kama mwandishi huyo ana kingine. Wachapishaji wa Ulaya na Marekani wanalijua hili vizuri, na makampuni makubwa ya huko yana watu walioajiriwa kwa kazi moja tu ya kuwasiliana na maktaba. Vitabu vya Kiingereza vinavyoletwa na mashirika ya misaada kama Book Aid International navyo hufika maktabani kwa mpango, vikafunguliwa, vikapigwa mihuri na kuingia rafuni. Inanisikitisha kwamba riwaya iliyopigwa chapa Dar es Salaam inaweza kutojulikana Sumbawanga wakati kitabu kilichovuka bahari kiko rafuni huko.

Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Barua moja ya ukurasa mmoja au miwili, inayotoka mara tatu au nne kwa mwaka, na ya kwanza ikitoka Januari kabla makisio hayajafungwa, inatosha. Iandikwe na mtu wa ofisini mwenye jina na namba ya simu, kwa lugha ya kawaida ya mtu anayemwandikia mwenzake wa kazi, na itumwe hata kwa WhatsApp. Lakini anayeituma ajue maktaba zenyewe. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inahudumia Bara, na Zanzibar ina Shirika lake la Huduma za Maktaba, kwa hiyo anayedhani amefikisha habari Unguja na Pemba kwa kupeleka barua moja kwenye Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, hajafikisha. Wapo pia wakutubi wa vyuo, wa shule, na wa maktaba ndogo za kata na makanisa na misikiti ambao hawamo kwenye orodha ya mtu yeyote. Na kitabu cha Kiswahili kina wasomaji wake katika maktaba za Kenya vilevile.

Kwa upande wao, ninawaomba wakutubi jambo moja ambalo lingebadilisha kazi yetu. Maktaba nyingi zina daftari, rasmi au la kujitungia, ambamo huandikwa vitabu vilivyoulizwa na wasomaji vikakosekana. Mtupe nakala ya ukurasa huo. Kuna vitabu vya Kiswahili vya miaka ya 1970 na 1980 ambavyo haki zake ziko mikononi mwa waandishi au warithi wao na ambavyo vingeweza kurudi kiwandani, lakini hakuna ofisi itakayothubutu kuvirudisha kwa kukisia. Jina la kitabu likitokea kwenye daftari la Tabora, likatokea la Tanga, likatokea na la Songea, ninaweza kuliweka mezani mbele ya mhasibu wetu nikaomba fedha za kukitafutia ruhusa.