Umisionari wa Kurudi Nyuma

Nimekasirika, na kwa kuwa mtu wa umri wangu, mwenye beji nyeusi ya mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho kifuani na tai shingoni, hapendezi kukasirika hadharani, nimeona afadhali nikasirike kwa maandishi. Leo asubuhi, kabla sijamaliza hata kuifunga hiyo tai, uliingia ujumbe kutoka kwa vijana wamisionari tunaowatunza mimi na mke wangu, wale wa ghorofa ya nne: jioni wataletewa mmisionari wa tatu, na kwa hiyo wanaomba godoro. Hawakuuliza kama tunalo. Hawakuuliza migongo yetu imeamkaje. Waliandika tu "godoro moja, tafadhali", kwa utulivu wa mtu aliyeketi mgahawani akiagiza kikombe cha pili cha chai.

Wenzangu mlioitwa kutumikia ugenini baada ya kustaafu, nanyi mnajua vizuri kwamba Injili husafiri juu ya magodoro. Kila baada ya wiki sita hivi hutangazwa uhamisho, vijana wakabadilishwa vituo na wenza, na kila ukitangazwa, kitanda hubaki kitupu upande huu wa mji huku upande ule kuna kijana anayejiandaa kulala sakafuni, na kati ya kitanda kile na kijana huyu hakuna malaika aliyetumwa isipokuwa mimi na mke wangu. Barua ya wito niliisoma nikiwa nimesimama wima. Nikajiona tayari nikifafanua Maandiko mbele ya wasomi wa nchi ya mbali, wao wakiandika, mimi nikinywa maji kidogo kidogo katikati ya hoja. Nikafungasha vitabu. Mke wangu, ambaye alikuwa amekwisha kuzungumza na wanandoa waliotutangulia, alifungasha kamba, bisibisi na jozi mbili za glavu, na nilipomuuliza za nini hakunijibu.

Kuna fomu za daktari pia, ambazo kila mmoja wetu alizijaza kwa subira: meno, damu, moyo, macho. Waliniuliza kama ninaweza kupanda ngazi, nami nikajibu kwa fahari kwamba ninaweza. Hakuna aliyeniuliza nitakuwa nimebeba nini.

Lakini godoro lenyewe ninalisamehe. Kinachonikera, na ambacho leo kimevuka mpaka, ni kurudisha gari nyuma.

Kanuni mnaijua. Gari la misheni halirudishwi nyuma mpaka mwenza wako, yule mmisionari mliyepangwa kutumikia pamoja, ashuke, asimame mahali unapomwona, akuongoze kwa mikono. Kanuni hii ilitungwa kwa ajili ya vijana wa miaka 18 na 19, ambao wengine wao leseni zao zina umri mdogo kuliko viatu vyangu, nami kwa upande wao ninaiunga mkono kwa mikono miwili. Kijana akiongozwa vibaya na kijana mwenzake, watanuniana siku tatu, kisha utakuja uhamisho na kila mmoja atakwenda zake. Mimi mwenza wangu hana uhamisho. Tukikosana maegeshoni saa nne, saa saba tutakuwa tunapika pamoja, na usiku tutapiga magoti kitanda kimoja kumshukuru Mungu kwa siku njema.

Basi tulifika kwenye jengo la vijana, godoro likiwa limejaza nyuma yote ya gari na kuziba kioo, hivi kwamba kile kioo kidogo cha ndani kilikuwa kinanionyesha maua ya kitambaa cha godoro na hakuna kingine. Ua wenyewe ni mwembamba, na mlango uko mwisho kabisa, kwa hiyo ilibidi gari liingie kinyumenyume. Mke wangu akashuka. Kushuka kwake si jambo la haraka: kwanza huweka mkoba kitini, kisha hukaza kitambaa cha kichwa, kisha huitazama ardhi kana kwamba anaipima kabla ya kuinunua, ndipo huenda kusimama mahali pake. Na mahali pake, siku zote, ni katikati kabisa nyuma ya gari, mahali pekee katika ua mzima ambapo siwezi kumwona.

"Uko wapi?" nikamuuliza kupitia dirishani.

"Niko hapa."

"Hapa wapi, Mama?"

"Hapa niliposimama."

Nilimwomba, kwa lugha ya heshima kabisa, asogee upande wa kulia ili nimpate kwenye kioo cha pembeni. Akasogea upande wa kulia wake. Nikamwomba asogee upande wa kulia wangu. Akaniambia kwamba kulia ni kulia, na kwamba mimi ndiye niliyegeuka. Hatimaye nikauona mkono wake, mkono mmoja tu, ukipungapunga kwa namna ambayo niliitafsiri kuwa ni "njoo", nami nikaja. Ukapigwa ukelele.

"Simama! Unataka kuniua ugenini?"

"Si umeniambia nije?"

"Nilikuwa ninamsalimia yule mama dirishani!"

Hapo ndipo mkoba ulipoanza. Mkoba wa mke wangu una uzito wa mtu mzima mwenye mizigo ya dhambi zake, na gari lilipoona kiti kina abiria asiyefunga mkanda, likaanza kulia, tii, tii, tii, bila kukoma. Nikaunyoosha mkono kuufunga mkanda mkoba. Mguu ukalegea kwenye breki, gari likasogea kidogo, na ukelele wa pili ukapigwa, safari hii na watu wawili, kwa sababu bwana mmoja mpita njia, aliyekuwa na mifuko mikononi, alikuwa amesimama kututazama na sasa aliamua kwamba bila yeye hatutafika. Akaweka mifuko yake chini, akajipanga upande wa pili wa gari, akaanza naye kuniongoza.

Bwana huyu alikuwa na moyo mwema na sauti kubwa. Alinipa maelekezo kamili kwa lugha ya kwao, lugha ambayo mimi na mke wangu tumekuwa tukijifunza kwa bidii tangu kabla ya kuondoka nyumbani, na ambayo kwa sasa tunaweza kumweleza mtu kwa ufasaha habari za imani, toba, ubatizo na uzima wa milele. Kushoto na kulia hazikuwamo katika masomo. Laiti angeniambia nitubu ningeelewa mara moja. Yeye alionyesha huku, mke wangu alionyesha kule, mkoba ulilia katikati, na ghorofa ya nne dirisha likafunguliwa, wakatoka vijana wetu wawili, wenye afya na mabega mapana, ambao hawakuweza kushuka kwa sababu walikuwa wanamfundisha mtu kwa simu, lakini waliweza, kumbe, kushauri. Mmoja alipiga kelele kwamba nina nafasi tele. Wa pili alipiga kelele kwamba sina. Nadhani na yule aliyekuwa kwenye simu aliulizwa maoni yake.

Nilifanya utumishi wa umma miaka mingi. Nimewahi kuwa na ofisi yenye mlango, na watu walibisha hodi kabla ya kuingia. Niliwahi kuendesha lori lenye tela, usiku, njia ya vumbi, nikalirudisha nyuma peke yangu nikiwa ninapiga mluzi. Sasa nimekaa katika kigari chenye ukubwa wa kabati, nimetoa kichwa nje, na binadamu wanne wa mataifa tofauti wananiambia habari za usukani wangu mwenyewe! Hivi kweli kuna mtume yeyote katika Maandiko aliyewahi kuambiwa "kata, kata, kata, hapana, umekata sana"? Paulo alivunjikiwa na merikebu, lakini angalau hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkewe alikuwa nyuma akimwonyesha miamba.

Yule bwana akanisogelea, akafungua mlango wangu kwa adabu, akaonyesha kwa ishara kwamba nimpishe, yeye ataliingiza. Nikamkatalia kwa heshima zote, maana gari la misheni haliendeshwi na mtu asiyeidhinishwa. Aliniangalia kwa huruma ambayo sijaisahau mpaka sasa. Basi nikazima injini palepale, katikati ya ua, nikachomoa ufunguo, nikatangaza kwamba gari limefika. Godoro lilishushwa hapo, na kwa kuwa somo la simu lilikuwa limekwisha sekunde ileile, vijana waliteremka mbio, wakalitwika vichwani na kupanda nalo ngazi huku wakicheka, kazi ya dakika mbili. Mke wangu akasema, "Umeona, Baba? Tungewaita tangu mwanzo." Sikumjibu. Nilikuwa ninamfungua mkanda mkoba.

Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kufika, akaona tufanye na ukaguzi wa nyumba ya vijana, ambao nao ni kazi yetu. Ukaguzi sitausimulia, anayetaka kujua ukoje aweke vijana wa kiume ndani ya nyumba, awaondolee mama zao, asubiri. Nitasema tu kwamba kizima moto kilikuwa kinatumika kuzuia mlango usijifunge, na kwamba king'ora cha moshi kilikuwa kimetolewa betri kwa sababu, kama nilivyoelezwa kwa unyofu mkubwa, kilikuwa kinapiga kelele kila wanapopika. Katika friji kulikuwa na sufuria ambayo mke wangu aliifunua, akaifunika, akaniomba nisiifunue.

Zamani mambo haya yalikuwa siri yetu sisi na wao. Kijana alikuwa anazungumza na wazazi wake kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, na siku hizo alikuwa akioga na kukaa karibu na ukuta mweupe. Lakini tangu Februari 2019 wameruhusiwa kuwapigia wazazi kila wiki, siku ya maandalizi, ile ya kufua na kupumzika, na kwa picha ya video, jambo ambalo mimi kama mzazi ninalifurahia na kama mkaguzi linanitesa. Mama akimtazama mwanawe kwenye kioo cha simu hatazami uso. Anatazama nyuma ya bega, anahesabu sahani. Kisha namba ya mke wangu anaipata, sijui kwa nani, na kufikia jioni tunakuwa na ujumbe kutoka mabara matatu ukiuliza kwa nini mtoto amekonda.

Hao angalau wanaandika kwa upole. Wa kwetu ndio hawana huruma. Ndugu zangu wamekubaliana, bila kuniuliza, kwamba mtu aliyepanda ndege kwenda kufanya kazi ya Mungu nje ya nchi lazima analipwa kwa fedha za kigeni. Nimewaeleza kwamba wanandoa hujigharamia wenyewe, kodi ya nyumba, chakula na yote, na kwamba ninachotumia ni pensheni yangu ileile wanayoijua. Wanacheka. Wananiambia nimejifunza kuficha. Nao huniambia hayo saa nane ya usiku wangu, kwa sababu hakuna ndugu yangu hata mmoja aliyekubali kwamba jua halichomozi mahali pote kwa wakati mmoja. Wajukuu peke yao ndio wenye akili: hupiga wanapokuwa na njaa, na njaa ya watoto inatabirika.

Jumapili nayo ni habari nyingine. Unaingia kanisani umejiandaa kusikiliza, unashikwa mkono mlangoni, unaambiwa kwamba wageni wetu wapendwa watatupa neno fupi. Mkalimani wangu ana kipaji cha ajabu: ninazungumza aya nzima, yeye anatamka maneno matatu, waumini wanasema amina. Nikitamka maneno matatu, yeye huhubiri.

Vijana wa kiume hupewa miezi 24. Sisi wanandoa, hata tukiongeza muda, mwisho wetu ni miezi 23. Naamini huo mmoja uliondolewa na mtu aliyewahi kupanda ngazi za ghorofa ya nne. Wito wetu ulikuwa wa muda mfupi zaidi, na nilikuwa nimeanza, kimyakimya, kuihesabu kalenda, mpaka jana nilipomsikia mke wangu akimwambia rais wa misheni, mkuu wetu sote huku, kwenye simu kwamba sisi hatuna haraka ya kurudi. Sisi! Nilipomwuliza ni lini tulijadiliana, alisema vijana hawa tukiwaacha hawatakula mboga. Nikamwambia wana mama zao. Akasema hao mama zao ndio waliomwomba.

Nimemwambia kwamba suala la kuongeza muda ni zito, linahitaji sala na tafakari, na kwamba nitalifikiria kwa nafasi yangu kama mkuu wa nyumba. Akakubali mara moja, jambo lililonitia mashaka. Kisha akaongeza kwamba nilifikirie kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ni siku ya maandalizi, vijana wa mji mzima wanakwenda kupanda mlima, na amekwisha kuwaahidi kwamba Mzee ndiye atakayetangulia.