Bodi za Vyuo vya Kiufundi Kenya: Nani Ameshika Mpini?

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya 2013 kinasomeka kama hati ya kumkabidhi mtu nyumba. Bodi ya usimamizi wa chuo ndiyo itakayopanga karo, kuajiri wakufunzi, kusimamia mali, kuandaa makadirio ya bajeti na kutunga kanuni za nidhamu. Mwanachama mpya akikisoma kifungu hicho peke yake atafika kwenye kikao cha kwanza akiamini ana funguo zote mkononi. Haichukui vikao vingi kabla hajagundua kwamba zile kubwa ziko Nairobi, wizarani na Hazina ya Kitaifa.

Si kila ufunguo uliochukuliwa ulichukuliwa kwa makosa. Kinachoumiza ni kwamba umechukuliwa, na bado bodi ndiyo inayoulizwa mlango ukikutwa wazi.

Tuanze na karo. Mwaka 2018 serikali iliweka kiwango kimoja kwa vyuo vya kiufundi vya umma: Sh56,420 kwa mwaka, Sh30,000 zikitoka serikalini kwa kila mwanafunzi na Sh26,420 zikilipwa na mwanafunzi mwenyewe. Kwa mzazi hili lilikuwa jambo jema. Alijua kabla mtoto hajajiunga atadaiwa kiasi gani, na chuo hakingeweza kumwongezea tozo katikati ya mwaka. Sasa piga hesabu ukiwa upande wa bodi. Kwa kiwango hicho, chuo chenye wanafunzi 1,000 kilitarajia Sh56.42 milioni, na Sh30 milioni kati ya hizo, zaidi ya nusu, zilitegemea siku ambayo Hazina ingeachilia fedha. Mgao ukichelewa, bodi haiwezi kupandisha karo wala kukopa benki bila idhini. Kinachobaki ni kupunguza matumizi, na matumizi yanayopunguzwa haraka ni vifaa vya karakana.

Athari yake inaonekana mezani pa mwanafunzi. Kuchomelea kiungo cha wima hakufunzwi kwa kutazama. Mkono hutulia baada ya kumaliza vijiti vingi vya kuchomelea, vingine vikiganda, vingine vikitoboa chuma. Vijiti vikigawanywa kwa kuhesabiwa, mwanafunzi huingia kwenye tathmini ya vitendo akiwa amefanya zoezi mara chache mno. Katika mafunzo ya umilisi anayeshindwa kuonyesha kazi anahesabiwa kuwa bado hajaimudu. Ripoti ikija, bodi ndiyo inayoulizwa kwa nini matokeo ni mabaya.

Mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 umeifanya hesabu iwe ngumu zaidi. Msaada wa serikali sasa unafuata uwezo wa familia, jambo ambalo kwa haki ya mnyonge ni sahihi, lakini kwa anayeandaa makadirio ni kwamba hawezi tena kuzidisha idadi ya wanafunzi kwa namba moja. Bodi makini ingeandaa makadirio ya aina mbili, ya fedha zikifika kwa wakati na ya zikichelewa robo moja ya mwaka, na kuamua mapema ni matumizi gani hayaguswi. Kwa maoni yangu vifaa vya karakana vingekuwa vya kwanza kwenye orodha hiyo.

Kwa wakufunzi mkanganyiko ni wa namna nyingine. Sheria inasema bodi itaajiri. Hata hivyo wakufunzi waliokuwa chini ya Tume ya Huduma za Walimu walihamishiwa Tume ya Utumishi wa Umma mwaka 2018, na hao ndio walio na mshahara wa serikali na pensheni. Bodi huajiri wa kujaza mapengo, kwa mkataba, ikiwalipa kutoka kwenye karo ileile. Hivyo katika idara moja ya umeme unaweza kukuta wawili wanaofundisha vipindi sawa, mmoja hagusiki na bodi, mwingine akisubiri mgao ufike ndipo alipwe. Anayetetea utaratibu huu atasema ajira ya kitaifa inamkinga mkufunzi dhidi ya upendeleo wa wenyeji, na hoja hiyo ina uzito: ajira inayoamuliwa na watu saba au tisa wa eneo moja ni kishawishi kikubwa. Lakini basi sheria iseme hivyo waziwazi, na wizara iweke muda maalumu wa kushughulikia malalamiko ya bodi kuhusu mkufunzi asiyeingia darasani.

Katika ununuzi, naiunga mkono sheria bila kusitasita. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inamweka mkuu wa chuo kuwa afisa mhasibu, na yeye ndiye anayebeba dhamana ya zabuni. Tathmini ya zabuni haipaswi kupita siku 30, na asilimia 30 ya ununuzi hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Bodi hupitisha mpango wa ununuzi wa mwaka, kisha hukaa kando. Wanabodi wengi hukereka hapo, hasa wakiona jengo la karakana limesimama nusu. Kosa linalotokea ni mwenyekiti kumpigia simu afisa wa ununuzi "kuulizia tu" zabuni fulani. Simu hiyo ni kuingilia, na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 imezidi kulibana jambo hilo. Bodi ina jicho lake halali: kamati ya ukaguzi, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka iwepo. Mkaguzi wa ndani anapaswa kuripoti kwa kamati hiyo, na ni vyema angalau mara moja kwa mwaka akutane nayo mkuu wa chuo akiwa nje ya chumba. Pale ambapo mkaguzi huyo humpelekea mkuu wa chuo ripoti kwanza ili "aipitie", bodi imejipofusha yenyewe.

Nidhamu nayo imebanwa, kwa haki kabisa. Chini ya Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, mwanafunzi anayekabiliwa na kufukuzwa lazima apewe notisi ya kutosha, aone ushahidi, asikilizwe, na apewe sababu. Bodi inayofukuza wanafunzi kwa tangazo la ukutani asubuhi baada ya mgomo inajitafutia kesi ambayo itashindwa, na gharama zake zitatoka kwenye fedha za vijiti vilevile.

Watetezi wa uhuru kamili wa bodi huitaja Uingereza. Huko vyuo viliondolewa chini ya serikali za mitaa kuanzia 1 Aprili 1993, bodi zikamiliki majengo, zikaajiri na zikakopa. Vingi vilistawi. Lakini uhuru huo pia uliruhusu madeni yasiyoonekana mapema, na mwaka 2019 Hadlow College kikawa cha kwanza kuwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi kwa utaratibu mpya wa vyuo. Novemba 2022 vyuo vya huko viliainishwa upya kuwa sekta ya umma, na mikopo ya benki ikarudi kuombewa idhini. Kwa hiyo kukaza na kulegeza vyote vina gharama zake.

Kwetu, eneo ambalo sheria inadhuru zaidi ni uteuzi. Wanabodi wote, saba hadi tisa, huteuliwa na Waziri. Wakiteuliwa siku moja, muda wao huisha siku moja. Waziri akichelewa kuwajaza, chuo hakina akidi: makadirio hayapitishwi, mikataba ya wakufunzi wa bodi haiongezwi, na taarifa za fedha, zinazotakiwa kwa Mkaguzi Mkuu kufikia 30 Septemba, hazina mwenyekiti wa kuzitia sahihi. Ukubwa wa chuo si kinga dhidi ya mkono wa waziri. Januari 2020 waziri alifuta uteuzi wa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kulivunja baraza lililomteua, hadi mahakama ikaingilia kati.

Ni kweli waziri anayejibu bungeni kuhusu fedha za umma anahitaji sauti katika uteuzi. Lakini sauti hiyo haihitaji kuwaondoa watu wote kwa pamoja. Wateuliwe watatu kila mwaka, kwa vipindi vya miaka mitatu, na idadi ya jinsia moja isizidi sita kati ya tisa kama Katiba inavyotaka. Anayemaliza muda abaki kitini hadi mrithi wake achapishwe kwenye Gazeti Rasmi, kwa siku zisizozidi 90. Katibu wa bodi aiandikie wizara miezi sita kabla ya kiti kuwa wazi, akitaja ujuzi unaokosekana: kama hakuna mhasibu kwenye bodi, aseme ni mhasibu anayehitajika, na kama chuo kinafundisha ujenzi bila mjenzi hata mmoja mezani, aseme hivyo pia.