Chuo Nilikaa, Mezani Kwangu

Miaka miwili iliyopita nilikaa mbele ya jopo la usaili. Mjumbe mmoja akakishika cheti changu, akakisoma taratibu, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo mwalimu, wewe chuo chenyewe hukukaa?" Hakuuliza kwa ubaya. Lakini swali lile limenikaa rohoni, kwa sababu wengi tuliosoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako mtu husoma akiwa nyumbani kwake, tumeshaulizwa, kwa maneno hayo au mengine.

Nilisoma miaka mitano huku nafundisha shule ya msingi wilayani Urambo. Asubuhi vipindi, mchana madaftari ya kusahihisha, jioni watoto wangu watatu. Saa nne usiku ndipo nilipoifuta meza ya chakula, nikahakikisha hakuna tone la mchuzi, nikafungua kompyuta. Mtandao ukigoma nilitoka na simu hadi kando ya banda la kuku, maana hapo ndipo ulipokamata. Moduli nyingi za mwaka wa pili nilizipakua nimesimama pale, kanga begani, kuku wakilalamika kwamba nimewaamsha.

Nadhani dharau hii ina mizizi ya zamani. Wazazi wetu walizoea elimu kwa njia ya posta: unatumiwa masomo, unajibu, unarudisha bahasha. Basi mtu akisikia elimu ya masafa, yaani kusoma ukiwa mbali na chuo, anafikiri na shahada nayo inatumwa hivyo hivyo. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1994. Makao makuu yako Dar es Salaam, lakini kuna vituo mikoani, na huko ndiko tulikofanyia mitihani, tukikaa kwenye chumba chenye wasimamizi na muda wa kuhesabiwa. Hakuna aliyetupunguzia swali hata moja kwa sababu tumetoka mbali.

Siku moja pale Tabora tulitoka kwenye mtihani wa asubuhi, nikamwona mwenzetu akikimbilia chini ya mti. Mdogo wake alikuwa amekaa hapo tangu saa mbili na kichanga cha miezi michache. Mama alimpokea mwanawe, akamnyonyesha, na mkono uliobaki ukafungua daftari la mtihani wa mchana. Alisoma hivyo, mtoto kifuani, mpaka tukaitwa kuingia. Ningetamani yule mjumbe wa jopo angekuwapo.

Sisemi masafa yanamfaa kila mtu. Kijana aliyetoka kidato cha sita, hana kazi wala familia, akipata nafasi chuoni aende akakae na wenzake. Ugumu wa masafa si masomo, ni upweke. Usipoelewa ukurasa wa arobaini, saa sita ya usiku, hakuna wa kumgonga bega. Nimeona watu wenye akili kunizidi wakiachia mwaka wa kwanza kwa sababu hiyo tu. Mimi niliokolewa na kundi letu la watu sita. Tulikutana Jumamosi mbili kwa mwezi, kila mmoja akiwa na somo la kuwafundisha wengine, na asiyejiandaa alinunua chai. Ukijiandikisha leo, tafuta kundi kabla hujatafuta vitabu.

Mandela alitunukiwa shahada yake ya sheria na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, nacho cha masafa, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Sijasikia mtu akihoji kama chuo alikaa.

Kwa waajiri na wakuu wa shule nina ombi moja. Ratiba ya mitihani ikitoka, mwalimu anayeomba ruhusa ya siku chache asifanywe kama anaomba msaada wa harusi. Mwaka wangu wa tatu nilikosa mtihani mmoja kwa kunyimwa siku mbili, na somo lile likanisubirisha hadi mwaka uliofuata. Tangu hapo walimu wenzangu tuliwekeana utaratibu: anayekwenda kwenye mitihani, vipindi vyake vinagawanywa, naye akirudi analipa kwa zamu.

Mwezi ujao mwalimu wa darasa la tano anakwenda Tabora. Vipindi vyake vya hisabati nimeshaviandika kwenye ratiba yangu.